Tableti badala ya laptopu: namna ya kuamua kabla hujatoa pesa

Wengi wanaoniuliza kuhusu tableti huwa wameshaiona dukani, wakaishika na kuipenda. Ni nyepesi, betri yake hukaa kutwa, na ukiiwekea kibodi inafanana kabisa na kompyuta. Wanachotaka kusikia kutoka kwangu ni ndiyo au hapana: nikiinunua, naweza kuachana na laptopu? Jibu hutegemea kazi unayofanya, na mara nyingi hutegemea kazi moja tu, ile unayoifanya mara moja kwa mwezi au hata mara moja kwa mwaka. Mwongozo huu ni wa mtu anayefanya kazi Nairobi, awe na duka, ofisi ndogo, au amejiajiri, na pesa yake ina mambo mengine mengi ya kufanya. Tunaanza na kalamu na karatasi. Dukani tutafika baadaye.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi zako zote, na zile za nadra pia

Andika kila ulichofanya kwenye kompyuta mwezi uliopita. Usiandike majina ya programu, andika matendo: kumtumia mteja ankara, kusoma mkataba, kuhesabu mali iliyo stoo, kuchapisha barua, kukutana na watu kwa video, kuweka sahihi. Ukimaliza, fungua kalenda uongeze yale yanayokuja kwa tarehe. Mwenye wafanyakazi ana PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mishahara yao, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Aliyesajiliwa kwa VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, ana tarehe 20. Halafu kuna 30 Juni, mwisho wa kujaza ritani ya mwaka kwa kila mtu mwenye PIN, yaani namba ya mlipa ushuru.

Hapa ndipo watu hukwama, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo. Mtu aliyeajiriwa, asiye na mapato mengine, anaweza kujaza ritani yake ya ushuru kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya ushuru (KRA), moja kwa moja ndani ya kivinjari. Tableti itamtosha. Mwenye biashara hupakua fomu ya Excel, na fomu hiyo si jedwali la kawaida. Ina makro, yaani vijiprogramu vilivyowekwa ndani ya faili yenyewe, ambavyo hukagua ulichojaza na mwishoni kukutengenezea faili ya zip. Hiyo zip ndiyo unayoipakia kwenye iTax. Ukiifungua fomu kwenye kompyuta, Excel hukuuliza kwanza kama unaruhusu makro zifanye kazi. Ukiruhusu, vitufe vinaamka. Excel ya iPad na Excel ya Android haziendeshi makro hizo. Utaiona fomu vizuri, utajaza hata jina lako, utagusa kitufe cha kuthibitisha, na hakuna kitakachotokea. Google Sheets ni vivyo hivyo. Kuna toleo la pili la fomu, la ODS, kwa wanaotumia LibreOffice, ila nalo linahitaji kompyuta. Fomu ya P10 ya PAYE kwa kawaida huandaliwa kwa mtindo huo huo, tofauti ni kwamba hiyo inarudi kila mwezi.

Ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, zimepata njia nyepesi zaidi. Kuna eTIMS Lite kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kupitia *222#, kwa hivyo kutoa ankara peke yake hakukulazimishi kuwa na laptopu.

Nimeanza na ushuru kwa makusudi. Ni kazi ya saa chache, haiji akilini mtu anapoisifia tableti dukani, na inatosha kukufanya uhitaji kompyuta mahali fulani. Si lazima iwe yako. Lakini ni lazima ujue iko wapi kabla Juni haijafika.

Hatua ya 2: Tenga kazi za kukusanya na kazi za kuunganisha

Gawa orodha yako pande mbili. Upande mmoja weka kazi za kukusanya, kusoma, kuonyesha na kuidhinisha. Upande wa pili weka zile zinazohitaji vitu viwili au vitatu vikutane: jedwali na ripoti, ankara na taarifa ya benki, maelezo ya mteja na mchoro.

Upande wa kwanza tableti haina mpinzani. Sensa ya Agosti 2019 ilikuwa ya kwanza nchini kufanywa bila karatasi, na makarani walipita nyumba kwa nyumba na tableti mkononi. Vifaa vya KIEMS ambavyo tume ya uchaguzi, IEBC, hutumia kutambua wapiga kura vina umbo la tableti. Watafiti wengi hukusanya data kwa ODK na KoboToolbox, ambazo huhifadhi fomu ndani ya kifaa pasipo mtandao na kuituma mtandao ukirudi. Ni vigumu mno kusimama mlangoni kwa mtu kule Mathare ukimhoji huku umebeba laptopu iliyofunguliwa kwa mkono mmoja. Lakini fuata hiyo data hadi mwisho wake. Ikishafika ofisini, anayeisafisha, kuipanga na kuiandikia ripoti ameketi mbele ya kompyuta.

Mawakili wako hivyo pia. Mahakama za Nairobi zilipoanza kupokea kesi kwa njia ya mtandao Julai 2020, majalada yaligeuka PDF. Kusoma jalada la kurasa mia tatu kwenye tableti, ukiweka alama kwa kalamu na kuruka kutoka kiapo hadi kielelezo, ni raha ambayo laptopu haikupi. Kuandika hoja zenyewe, zenye tanbihi na nukuu kutoka hukumu tano zilizo wazi kwa pamoja, ni kazi nyingine kabisa.

Tazama mfano wa karibu zaidi, kulinganisha malipo. Taarifa ya M-Pesa huja kwa barua pepe kama PDF iliyofungwa kwa nywila. Unaifungua, unatoa miamala na kuiweka kwenye jedwali, unafungua orodha ya ankara, kisha unaanza kutafuta: hii shilingi 3,450 ya Jumanne jioni ni ya nani? Jina lililolipa ni la mke wa mteja, kiasi kimepungua kwa mia moja na hamsini, na ankara ni ya wiki iliyopita. Mbele ya skrini pana jicho linatoka kushoto kwenda kulia na jibu linapatikana. Kwenye tableti ya inchi 10 unafunga hiki ufungue kile, unaibeba ile namba kichwani, na ukifika upande wa pili umeisahau. Mfanye mtu afanye hivyo kwa miamala mia nne, na kufikia jioni amekosea mahali na hajui ni wapi.

Kama upande wako wa pili una kazi mbili tatu fupi, tableti bado ina nafasi. Kama ndiko mshahara wako unakotoka, unaweza kuishia hapa: nunua kompyuta, na tableti iwe ya ziada siku pesa ikipatikana.

Hatua ya 3: Kagua programu kwa jina, kisha kwa kazi

Programu kuwepo kwenye Play Store au App Store hakumaanishi ni ile ile uliyoizoea. Excel ya tableti nimeshaieleza. Word ya tableti inatosha kwa barua na ripoti za kawaida, ila Microsoft ina sharti ambalo wauzaji hawalitaji: kuhariri bila malipo ni kwa vifaa vyenye skrini isiyozidi inchi 10.1. iPad ya kawaida tangu toleo la 2022 ina inchi 10.9, kwa hivyo unahitaji usajili wa kulipia wa Microsoft 365. Google Docs haina sharti hilo, lakini faili ya Word yenye majedwali na nembo ya kampuni ikipitia humo mara nyingi hutoka imepinda, na ukimtumia mteja zabuni iliyopinda yeye haulizi ni kifaa gani kilichofanya hivyo.

Wahasibu wanaotumia QuickBooks Desktop au Tally wako ndani ya Windows. Programu za hesabu zinazofunguka kwa kivinjari hazina tatizo hilo. Wasanifu wanaotumia Revit wako Windows tu, na AutoCAD ya tableti ni ya kufungua mchoro na kurekebisha kidogo ukiwa saiti. SPSS na Stata, programu za takwimu, hukaa kwenye kompyuta. Anayeandika programu za simu kwa Android Studio asipoteze muda hapa.

Wanaofanya kazi za mtandaoni wasome masharti ya jukwaa lao kwanza. Upwork, kwa mfano, hutoa programu yake ya kuhesabu saa kwa Windows, Mac na Linux. Majukwaa mengine hutaka kivinjari cha kompyuta chenye viongezi maalumu. Kijana anayelipwa kwa saa akinunua tableti bila kukagua jambo hili amejifungia mlango wa riziki yake.

Upande wa picha na video ndipo hali imegeuka kweli. Photoshop ilifika iPad mwaka 2019, DaVinci Resolve ikafuata Desemba 2022, na Final Cut Pro mwaka 2023. Mpiga picha wa harusi anaweza kuchagua picha, kuzirekebisha kwa Lightroom na kumwonyesha bibi harusi zilizo tayari akiwa bado ukumbini. Mchoraji ndiye kabisa: kalamu juu ya kioo inaushinda mausi kwa mbali.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Samsung ina DeX, inayofanya tableti zake kadhaa zifungue madirisha kama kompyuta, na iPadOS 26 ya Septemba 2025 iliipa iPad madirisha ya kupanua na kupunguza pamoja na menyu juu ya skrini. Ni maendeleo mazuri na nayafurahia. Lakini dirisha likiwa kubwa, programu iliyo ndani yake ni ile ile ya tableti. Excel isiyoendesha makro haitaziendesha kwa sababu umeiunganisha na skrini ya inchi 24.

Kifaa kinachovuka mpaka huo ni Surface Pro ya Microsoft na vingine vya namna yake: umbo ni la tableti, ndani ni Windows kamili. Fomu ya iTax hufunguka, Tally inaingia. Ubaya wake ni kwamba kibodi mara nyingi huuzwa kando, betri huisha haraka kuliko ya tableti ya kawaida, na kubadilisha betri yenyewe ni kazi ya fundi mwenye subira.

Hatua ya 4: Jaribu kwa simu uliyo nayo

Jaribio hili halina gharama. Programu zilizo kwenye simu yako ya Android ndizo zitakazokuwa kwenye tableti ya Android. Wa iPhone ni hivyo hivyo kwa iPad. Azima kibodi ya Bluetooth, au ukibahatika azima tableti yenyewe kwa rafiki, kisha weka laptopu kabatini kwa wiki moja ya kazi. Chagua wiki ya mwisho wa mwezi, kwa sababu wiki ya katikati hudanganya.

Kila utakaporudi kuichukua laptopu, andika sababu kwenye karatasi kabla hujaifungua. Wiki ikiisha, soma sababu zako. Utaona ziko za aina tatu. Ya kwanza ni mazoea: hukujua faili ilikoenda, au ulikosa kitufe fulani. Hiyo huisha yenyewe. Ya pili ni ukubwa wa skrini, ambayo kwa simu itajitokeza mara nyingi na kwa tableti itapungua. Ya tatu ni mambo yasiyowezekana kabisa. Hesabu zile za aina ya tatu peke yake, na kwa kila moja jiulize: nani angenifanyia, wapi, kwa bei gani? Kama mhasibu wako ndiye anayefaili ritani, umeondoa moja. Kama saiba ya mtaani inakuchapishia, umeondoa nyingine. Zikibaki zaidi ya mbili za kila wiki, tableti itakuwa kero.

Hatua ya 5: Piga hesabu yote, si bei ya kioo

Bei unayotajiwa dukani ni ya tableti tupu. Ongeza kibodi yenye kifuniko, kalamu kama unaihitaji, adapta ya USB-C yenye matundu ya HDMI na USB, hifadhi ya mtandaoni, usajili wa Microsoft 365 ikiwa skrini imevuka lile sharti, na bando ikiwa inaingia laini. Kibodi za Apple za Magic Keyboard za iPad huko Marekani huanzia dola 249. Hiyo ni zaidi ya shilingi 30,000 kabla haijavuka bahari.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya laptopu ya ex-UK. EliteBook au ThinkPad iliyotumika ofisini Ulaya huuzwa hapa mjini kwa kati ya shilingi 20,000 na 40,000 kulingana na hali yake, na kibodi imo ndani. Kwa mtu mwenye biashara atakayenunua kifaa kimoja tu mwaka huu, mimi namshauri hiyo laptopu bila kusita.

Ila angalia kizazi cha prosesa. Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida 14 Oktoba 2025, na kwa laptopu za Intel, Windows 11 hutaka kizazi cha 8 kwenda juu. Soma namba: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-7300U ni cha 7. Tarakimu hiyo ya kwanza baada ya kistari (au mbili za kwanza, kuanzia kizazi cha 10, kama i5-10210U) ndiyo inayokuambia kama unanunua kifaa cha miaka kadhaa au cha miezi. Kisha fungua Command Prompt papo hapo dukani, andika powercfg /batteryreport, ufungue faili itakayotengenezwa. Humo kuna uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ikiwa wa leo ni chini ya nusu, jadili bei au dai betri nyingine.

Tableti inarudi kwa nguvu kwenye suala la stima. Stima ikipotea mchana mzima, kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya akiba, huzimika na kazi ambayo hukuihifadhi, na UPS ya kawaida hukupa muda wa kuhifadhi tu na kuzima kwa adabu. Tableti huchajiwa na pawabanki ya simu. Ile ya 20,000 mAh hujaza tableti nyingi za inchi 10 mara moja na ziada. Mtu anayeishi mtaa ambao stima hupotea kila wiki alipe jambo hili uzito wa kweli anapoamua.

Hatua ya 6: Kununua

Luthuli na Moi Avenue utapata kila aina. Nenda asubuhi, ukiwa na chaja yako ya USB-C na fleshi yenye faili zako za kazi halisi.

Kwa tableti ya kazi, usishuke chini ya RAM ya 6GB na hifadhi ya 128GB. Zile za 3GB zinatosha katuni za watoto. Ukifungua mkutano wa video na jedwali pamoja, moja inajifunga. Jihadhari na tableti zisizojulikana zinazouzwa kwa bei ya chini huku zimeandikwa hifadhi kubwa ajabu kwenye boksi. Fungua mipangilio, tafuta tarehe ya kiraka cha usalama cha Android. Ikiwa ni ya miaka miwili nyuma, kifaa hicho kimeshaachwa na aliyekitengeneza, na wewe utaingizia humo M-Pesa na barua pepe za wateja.

Usiamini tundu la USB-C kwa kuliangalia. Mengine hutoa picha kwenye skrini ya nje, mengine huchaji na kupitisha faili pekee. Njia ya kujua ni kuomba muuzaji achomeke adapta ya HDMI kwenye runinga iliyo ukutani pale dukani. Zipo karibu kila duka, na anayekataa kujaribu amekujibu.

Piga *#06# ikiwa tableti inapiga simu, au tafuta IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, kwenye mipangilio kwa zile za laini ya data, ulinganishe na iliyo kwenye boksi. Dai risiti yenye namba hiyo. Ukinunua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, uliza wazi kinachotokea ukichelewa: vifaa vingi vya mkopo hufungwa kwa mbali, na kifaa cha kazi kikifungwa tarehe 28 unapoteza zaidi ya yale malipo ya wiki.

Hatua ya 7: Panga kifaa kiwe cha kazi

Anza na shingo yako. Tableti iliyolala mezani hukufanya uiname siku nzima, na maumivu yatakuja. Iinue hadi macho yako yaangalie mbele, kwenye stendi au juu ya vitabu, na kibodi ibaki chini.

Tengeneza folda moja ya mtandaoni, iwe Google Drive au OneDrive, na kila faili ya kazi iingie humo. Zile utakazohitaji leo ziwekee alama ya kupatikana bila mtandao kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu mtandao utakukatikia ukiwa mbele ya mteja Industrial Area na si ukiwa kitandani. Kwenye kivinjari, jifunze kuomba tovuti ya kompyuta; mifumo mingi ya serikali na benki huonyesha menyu kamili ukifanya hivyo.

Kwa karatasi, kamera ya tableti ni skana nzuri kuliko mashine nyingi za ofisini. Google Drive na Notes ya iPad zote hugeuza picha kuwa PDF iliyonyooka. Kuchapisha ni rahisi ikiwa printa yako ina Wi-Fi. Ile ya zamani ya waya wa USB itakusumbua. Ukienda saiba, tuma faili kwa barua pepe yao na ukae hapo hadi waifute. Ukifungua WhatsApp kwenye kompyuta yao, toka kabisa kwenye akaunti, kisha hakikisha kwenye simu yako, kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kwamba hakuna kilichobaki. Nimeona mkataba wa kupangisha nyumba, wenye nambari za vitambulisho vya watu wawili, ukikaa wazi kwenye skrini ya saiba kwa yeyote aliyekalia kiti kile.

Hatua ya 8: Weka kompyuta moja nyuma yako

Kwa wengi, suluhisho linalofanya kazi ni hili: tableti mkononi, na kompyuta moja ya bei nafuu iliyotulia mahali. Inaweza kuwa ya ofisi, ya ndugu, au mashine ya mezani ya zamani iliyo nyumbani. Unaiingia kwa mbali ukiwa na tableti. Weka Chrome Remote Desktop kwenye kompyuta hiyo, ipe PIN ndefu, na kwenye tableti utaiona skrini yake nzima. Hata Windows ya Home inakubali. Remote Desktop ya Windows yenyewe huhitaji toleo la Pro upande wa kompyuta. Hapo ndipo fomu ya iTax hujazwa kutoka Rongai huku Excel yenyewe iko Upper Hill, na makro zinaenda vizuri kwa sababu zinaendeshwa kule.

Panga mambo mawili kabla hujaitegemea. Kwanza, kompyuta isilale: zima usingizi kwenye mipangilio ya umeme. Pili, stima ikipotea na kurudi, mashine ya mezani hubaki imezima mpaka mtu abonyeze kitufe. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, utafute mpangilio wa kuiwasha yenyewe umeme unaporudi. Mashine nyingi za ofisini zinao. Kompyuta ikiwa laptopu, betri yake itahimili, lakini ruta ya intaneti haina betri, kwa hivyo iwekee UPS ndogo.

Hatua ya 9: Ilinde

Tableti huibiwa kirahisi kuliko laptopu kwa sababu hutumiwa mahali laptopu haitumiwi. Kwenye matatu iliyosimama kwa foleni, anayesoma PDF karibu na dirisha lililo wazi anajiweka hatarini, hasa jioni kuingia Globe au Muthurwa. Kaa upande wa ndani, funga kioo, au subiri ufike.

Weka nywila ya tarakimu sita kwenda juu. Washa huduma ya kutafuta kifaa kilichopotea, kisha ijaribu kutoka kwenye simu ya mtu mwingine ujue inavyofanya kazi kabla hujaihitaji. Ikiwa una data za wateja, wagonjwa au wanafunzi, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu, na kifaa kisichofungwa kikiibiwa ni suala la kisheria, si hasara ya kioo tu. Laini iliyo ndani ya tableti iwekee PIN ya SIM, maana ujumbe wa kuthibitisha akaunti nao huja humo.

Kuhusu kompyuta ya zamani

Ukishahama, usiuze laptopu yako mwezi huo huo. Ikae hadi umefaili ritani moja kamili na kufunga mwezi wa hesabu angalau mara moja ukitumia mpango mpya. Ukiridhika, nakili faili zote kwenye diski ya nje na kuzifungua chache kutoka hapo kuhakikisha zinasomeka, toka kwenye akaunti za barua pepe na kivinjari, kisha tumia sehemu ya Windows ya kurudisha kompyuta ilivyotoka dukani, ukichagua kufuta kila kitu pamoja na kusafisha diski. Inachukua saa kadhaa, kwa hivyo ianze usiku ikiwa kwenye chaja, na umwambie mnunuzi aje kesho yake.